Majawabu Yaliyozidi Moja

Kila asubuhi, katika nyumba moja ya mtaa wa Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, mambo matatu yalikwenda pamoja. Mbaazi zilichemka jikoni. Bi Mahfudha alishona kofia. Na Sheikha, binti yake wa miaka kumi na miwili, alizungumza bila kupumzika mpaka saa ya kwenda skuli.

Nyumba hiyo haikuwa ya tajiri wala ya maskini. Bwana Jamaldin, mume wa Bi Mahfudha, alikuwa mpima mizigo katika ghala moja kule Shimanzi. Mwaka ulikuwa 1946. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha, lakini sukari ilikuwa bado adimu. Chai ya nyumba hiyo ilitiwa sukari ya kuonjesha ulimi tu.

Ngoja nikueleze kidogo juu ya kofia, maana hadithi hii imeanzia kwenye kofia. Kofia ya kushona kwa mkono ina kipande cha duara juu, na ina ukanda wa kuzunguka kichwa. Kwenye ukanda hutobolewa vishimo vidogo, na kila kishimo huzungushiwa uzi. Vishimo hupangwa vikawa maua. Maua hayo lazima yazunguke kofia nzima na yakutane sawasawa. Mshonaji akikosea hesabu, ua la mwisho hukatika nusu. Kofia ya ua nusu haivaliwi siku ya Idi. Huvaliwa na mtu anayekwenda kuziba paa linalovuja.

Asubuhi moja Bi Mahfudha alikuwa akichora maua kwenye ukanda mpya. Sheikha alikuwa akinywa chai karibu naye. Aliutupia macho ukanda, akasema:

"Mama, ua lako lina vishimo kumi na tatu. Halitatimia. Yatatoka maua kumi na sita, kisha vishimo vinane vitabaki ovyo."

"Wajuaje? Hata sijamaliza kuchora."

"Ukanda una vishimo mia mbili na kumi na sita. Fanya ua la kumi na mbili, mama. Yatatoka maua kumi na manane, na yatakutana."

Bi Mahfudha alishona kofia kwa miaka ishirini. Yeye alihesabu kwa vidole, tena mara mbili, na wakati mwingine alifumua kazi ya siku nzima. Alimtazama mwanawe. Moyo wake ulijaa furaha, na papo hapo ukajaa hofu.

"Sema polepole," alinong'ona. "Mlango u wazi."

Kweli mlango ulikuwa wazi. Bi Mwanatumu, jirani wa nyumba ya pili, alikuwa ameshaingia kuazima sindano. Alikuwa mtu mwema, lakini sauti yake ilifika mpaka mtaa wa pili.

"Ala! Mtoto huyu ana akili!" alisema Bi Mwanatumu. "Sheikha, hebu niambie. Kumi na saba mara tatu ni ngapi?"

Bi Mahfudha alikohoa. Sheikha alikijua kile kikohozi. Aliinamisha kichwa.

"Hamsini na mbili," alijibu.

"Eh! Ni hamsini na moja, mwanangu. Hata mimi naijua hiyo."

"Mtoto mwenyewe ni mzito," alisema Bi Mahfudha haraka. "Chukua sindano, shoga yangu."

Huenda ukajiuliza, mama gani humwita mwanawe mzito naye ni mwepesi? Mama huyu alikuwa na sababu. Kabla ya Sheikha alikuwa na mtoto wa kiume, jina lake Taib. Taib alikuwa na miaka mitano tu alipoweza kusoma sura nyingi za Kurani kwa moyo. Siku moja alisomeshwa barazani mbele ya watu. Mtaa mzima ulimsifu. Wengine walisahau kusema mashallah. Juma lile lile Taib alishikwa na homa. Siku ya sita alizikwa.

Tangu siku hiyo Bi Mahfudha aliogopa husda kuliko kitu chochote. Alimfundisha Sheikha jambo moja: "Ukiulizwa mbele ya watu, kosea." Wala hakuwa mama peke yake mjini aliyeficha uzuri wa mwanawe. Kuna waliompaka mtoto masizi usoni ili asionekane mzuri. Bi Mahfudha aliipaka masizi akili.

Siku chache baadaye Sheikha alirudi kutoka skuli na habari. Mwalimu Mehrunnisa, aliyefundisha hesabu, ataanzisha darasa jipya. Litakuwa darasa la hesabu nzito. Wasichana watakaoingia watasoma hesabu kwa saa mbili kila siku kwa muda wa miaka mitatu. Watasoma aljebra na jometri, mambo ambayo wasichana wa skuli yao hawajapata kusoma. Nafasi ni sita tu. Kesho wasichana wote wa darasa lake watapewa maswali ishirini.

Bwana Jamaldin alisikia, akaruka.

"Utaingia!" alisema. "Mimi nilitolewa skuli mdogo, nikapelekwa ghalani. Lakini mwanangu ataingia darasa hilo. Nitawaambia wenzangu Shimanzi kesho."

"Usimwambie mtu!" alisema Bi Mahfudha.

Asubuhi, Sheikha alipokuwa akivaa mtandio, mama yake alimshika mkono.

"Mwanangu," alisema, "leo kosea."

"Yote, mama?"

"Yote."

Sheikha alimtazama mama yake, akaona machozi. Akasema, "Haya, mama."

Ijumaa, baada ya sala, watu wa nyumba ile walisikia hodi. Mlangoni alisimama mama mwembamba aliyeshika karatasi moja. Alikuwa Mwalimu Mehrunnisa mwenyewe. Wazee wake walitoka Bara Hindi, lakini yeye alizaliwa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini hasa.

"Masalkheri, Bi Mahfudha."

"Masalkheri, Mwalimu. Karibu. Kaa mkekani hapa. Sheikha, leta kahawa."

Walijuliana hali kwa urefu, kama ilivyo ada. Kisha Mwalimu aliitandaza ile karatasi mkekani.

"Nimesahihisha karatasi arubaini na moja," alisema. "Hii ndiyo iliyonikosesha usingizi. Sheikha amekosea maswali yote ishirini."

Bwana Jamaldin aliona aibu. Bi Mahfudha alishusha pumzi. Alidhani mambo yamekwisha.

"Lakini tazameni," aliendelea Mwalimu. "Swali la kwanza ni kumi na saba mara ishirini na tatu. Jawabu ni 391. Sheikha ameandika 392. La pili ni nusu ya 346. Jawabu ni 173. Yeye ameandika 174. La tatu ni 216 kugawa kwa 12. Jawabu ni 18. Ameandika 19."

"Amezidisha moja," alisema Bwana Jamaldin.

"Amezidisha moja katika maswali yote ishirini. Hata lile la mwisho, ambalo mimi mwenyewe lilinichukua dakika tano. Bwana Jamaldin, mtoto asiyejua hukosea ovyo. Huku akapungukiwa na mbili, kule akazidisha tisa. Ili ukosee kwa moja tu kila mara, lazima kwanza uwe umeshapata. N'mefundisha miaka kumi na minne. Sijaona karatasi kama hii."

Sheikha alikuwa amesimama na sinia ya kahawa. Aliiweka chini.

"Sheikha," alisema Mwalimu kwa upole, "kwa nini moja?"

"Mama aliniambia nikosee," alijibu Sheikha. "Na mwalimu wa Kurani chuoni ametukataza kusema uwongo. Sikujua nifanye nini. Nikaona niongeze moja tu. Ndio uwongo mdogo kabisa niliouona."

Bwana Jamaldin alitaka kucheka, akataka na kukasirika. Alimgeukia mkewe. Lakini Bi Mahfudha alikuwa amejifunika uso kwa leso.

"Ni mimi," alisema. "N'likuwa na mtoto, Mwalimu, Taib. Ni miaka tisa sasa. Akasifiwa."

Hakuweza kuendelea. Mwalimu Mehrunnisa alisogea, akamshika mkono. Alikaa naye hivyo kitambo bila kusema neno. Kuna walimu wanaojua kufundisha, na kuna wachache wanaojua pia kunyamaza.

"Dada yangu," alisema baadaye, "sitakwambia husda haiko. Dini yatwambia jicho ni kweli. Lakini kinga yake ni dua, si uwongo. Na mwaka ule alipokufa mwanao, homa ya mbu ilichukua watoto wengi mjini. Wengi wao hawakuwa wamesifiwa na mtu. Nami n'na hofu nyingine. Mtoto akizoea kukosea mbele ya watu, iko siku atakosea na moyoni mwake. Mlango uliofungwa sana hupata kutu."

Bi Mahfudha aliishusha leso, akapangusa macho. Maneno hayo aliyasikia.

Bwana Jamaldin alipiga goti lake kwa kiganja.

"Basi limekwisha! Sheikha ataingia darasa. Lini? Kesho?"

"Ngoja, bwana," alisema Mwalimu. "Hapo na wewe wakosea."

"Mimi?"

"Wewe. Mtoto kuweza hesabu ni jambo moja. Darasa hili kumfaa ni jambo jingine. Mwaka jana, katika skuli nyingine niliyokuwa nikifundisha, n'likuwa na mwanafunzi, Fatema. Alikuwa mwepesi kupita wote. Table zote za kuzidisha alizijua, mpaka ya ishirini. Wazazi wake walitaka sana, nami n'litaka sana. Tukampa hesabu ngumu. Swali likimkataa, alilia. Akiamka asubuhi tumbo lamuuma. Akawa hali, hachezi. Fatema alipenda kupata upesi. Hakupenda kutafuta. Miezi minane sisi watu wazima hatukuliona hilo. Sasa asoma masomo ya kawaida, na amenona, na acheka. N'likosea mimi, na maumivu aliyapata yeye."

"Sasa mtu atajuaje?" aliuliza Bwana Jamaldin. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Usimtazame mtoto anapopata. Akipata kila mtoto hufurahi. Mtazame anaposhindwa. Je, akimbia? Avunjika moyo? Au arudia swali lile lile mwenyewe, bila kusukumwa? N'tampa Sheikha swali moja. Si la kujibu upesi. Mpeni siku tatu. Msimsaidie, msimhimize, msimkataze. Kazi yenu ni kutazama tu."

Akamwita Sheikha, akamkalisha karibu.

"Wazijua namba za witiri?"

"Moja, tatu, tano, saba, tisa," alisema Sheikha. "Zisizogawika mbili mbili."

"Vyema. Chukua moja. Ongeza tatu, wapata nne. Ongeza tano, wapata tisa. Ongeza saba, wapata kumi na sita. Sasa tazama. Nne ni mbili mara mbili. Tisa ni tatu mara tatu. Kumi na sita ni nne mara nne. Je, itakuwa hivi daima? Na kama itakuwa, ni kwa nini?"

"Kwa nini?" alirudia Sheikha, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Kwa nini," alisema Mwalimu. Akanywa kahawa yake, akaaga, akaenda zake.

Siku ya kwanza Sheikha alijumlisha. Alijaza ubao wake wa kuandikia, akaufuta, akaujaza tena. Moja mpaka kumi na tisa zilitoa mia, yaani kumi mara kumi. Alijumlisha mpaka thalathini na tisa, zikatoa mia nne, yaani ishirini mara ishirini. Macho yalimtoka.

"Baba, haikosei hata mara moja!" alisema.

"Basi umepata!"

"La, baba. Najua *kuwa* ni hivyo. Sijui *kwa nini*."

Siku ya pili alikasirika. Alisema swali ni baya. Aliutupa ubao pembeni, akaenda kuruka kamba na wenzake uchochoroni. Bwana Jamaldin alimwona dirishani.

"Ameacha," alisema kwa huzuni. "Nitamwita. Akae chini, afikiri."

"Mwalimu alisema tutazame tu," alijibu Bi Mahfudha.

Yeye alikuwa akitazama kweli. Aliona kamba ikizunguka na Sheikha akiruka. Kisha alimwona mwanawe akisimama katikati ya mchezo, kamba ikampiga miguuni, naye hakuhisi. Alikuwa akitazama mawe ya ukuta, midomo ikienda polepole. Wenzake walimpigia kelele. Akaruka tena. Halafu akasimama tena.

Bi Mahfudha aliuweka uzi chini. Hakuna aliyemsukuma. Swali lilikuwa limemfuata mpaka mchezoni, naye hakulifukuza.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili, siku ya mapumziko ya skuli. Asubuhi mama na mwana walikaa mkekani kuchambua mbaazi. Mbaazi nzuri ziliwekwa huku, mbovu kule. Sheikha alikuwa kimya, jambo la ajabu katika nyumba ile. Aliweka mbaazi moja mbele yake. Akaweka nyingine tatu. Akaziviringisha kwa kidole huku na huku.

Mara mkono wake ukasimama.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Mama, njoo uone."

Bi Mahfudha aliinama. Sheikha aliweka mbaazi moja peke yake.

"Hii ni moja. Sasa n'taongeza tatu. Moja ubavuni, moja chini, moja hapa kwenye pembe. Umeona? Imekuwa mraba. Mbili kwa mbili."

"Nimeona."

"Sasa tano. Mbili ubavuni, mbili chini, moja ya pembeni. Imekuwa tatu kwa tatu. Sasa saba. Tatu ubavuni, tatu chini, moja ya pembeni."

Mraba ulikua mkekani. Mbaazi nne kwa nne, zimepangana safu safu. Bi Mahfudha aliutazama. Hakuwahi kuingia skuli hata siku moja. Lakini miaka ishirini alipanga vishimo kwenye kofia, na macho yake yalijua kusoma mpango. Alichukua mbaazi mwenyewe. Aliweka nne ubavuni. Akaweka nne chini. Akaweka moja ya pembeni.

"Tisa," alisema. "Na mraba umekua."

"Ndiyo, mama! Kila mara wauvisha mraba nguo mpya. Ubavuni na chini ni sawa sawa, na ile moja ya pembeni ndiyo yafanya iwe witiri. Haiwezi kukosea. Hata ikitaka kukosea haiwezi!"

"Na tukiendelea?"

"Itakuwa hivyo hivyo."

"Tukijaza mkeka mzima?"

"Hivyo hivyo."

"Tukijaza Kuze yote? Tukifika mpaka Kizingo, na huko ng'ambo ya maji?"

"Hivyo hivyo, mama. Haina mwisho."

Bi Mahfudha aliokota mbaazi moja, akaigeuza kiganjani. Nywele za mikono yake zilisimama. Mbaazi hizi alizichambua tangu utoto. Alizipika, alizila, alizilisha watu. Kumbe muda wote huo mpango huu ulikuwa umo ndani yake, umetulia, unangoja mtu aupange. Hakuna sultani aliyeuamuru. Hakuna fundi aliyeuchora. Ulikuwapo kabla ya Mombasa, na utakuwapo baada yake. Na aliyeuona leo ni mtoto wake mwenyewe, mwenye unga wa mahamri puani.

"Subhana Llah," alisema Bi Mahfudha. Akasema tena, "Subhana Llah." Na machozi yalimtoka, lakini haya hayakuwa ya hofu.

Kisha alifanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka tisa. Alikiweka kiganja chake juu ya kichwa cha Sheikha, akasema kwa sauti, mlango ukiwa wazi:

"Mashallah, mwanangu. Mashallah. Una akili."

Jioni Mwalimu Mehrunnisa alirudi. Mbaazi zilikuwa bado mkekani. Bi Mahfudha alikataa zipikwe, na Bwana Jamaldin alikula chakula cha mchana bila mbaazi, naye hakulalamika. Mwalimu aliutazama mraba. Akauliza siku tatu zilivyokwenda. Bi Mahfudha alimweleza yote: ubao, hasira, kamba, na ule ukimya wa asubuhi.

"Alikasirika, akarudi," alisema Mwalimu. "Hilo ndilo nililotaka kulisikia. Lakini bado kuna mtu mmoja hatujamuuliza."

"Nani?" aliuliza Bwana Jamaldin.

"Sheikha."

Wazee wakatazamana. Kweli, katika siku zote hizo, baba alitaka, mama alikataa, mwalimu alipima. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

"Wataka darasa hili, Sheikha?" aliuliza mama yake. "Sema la moyoni. Usiongeze moja."

Sheikha alifikiri.

"Naogopa kidogo," alisema. "Mwalimu asema iko ngumu. Nami sitaki kuacha chuo, na sitaki kuacha kuruka kamba. Na naogopa mama atalia kila niendapo." Akavuta pumzi. "Lakini nataka. Jana nilipokuwa sijui, nilikasirika. Lakini ilikuwa tamu vile vile. Sijui kusema vizuri. Nataka kujua kwa nini."

Basi wakapatana. Sheikha ataingia darasa kwa muhula mmoja kwanza. Chuo ataendelea nacho alfajiri. Baada ya alasiri atacheza kama watoto wengine, na Bwana Jamaldin hatamuuliza kila saa, "Umepata ngapi?" Akianza kukosa usingizi au chakula, watu wazima watakaa tena mkekani na kusema ukweli. Akiona darasa halimfai, atatoka bila aibu, na hakuna atakayemwita mzito.

"Nami n'na sharti langu," alisema Bi Mahfudha. "Kila asubuhi kabla hajatoka n'tamsomea dua."

"Msomee," alisema Mwalimu Mehrunnisa. "Nami n'tamsomea akifika."

Wiki sita zilipita. Alasiri moja Sheikha aliingia mbio, karatasi mkononi. Bwana Jamaldin alikuwa nyumbani. Aliitazama, uso ukamshuka.

"Kumi na moja," alisema. "Kumi na moja katika ishirini!"

Bi Mahfudha aliichukua karatasi. Hakujua kuisoma, lakini alama za makosa alizitambua. Alizihesabu kwa kidole. Zilikuwa tisa. Moyo wake ulishtuka.

"Sheikha," alisema, "hizi tisa, umezikosea kwa ajili yangu?"

"La, mama!" Sheikha alicheka. Macho yake yaling'aa. "Hizi nimezikosea mwenyewe. Za kweli kabisa! Tazama hii ya tano. Yanisumbua tangu juzi. N'meshajua nilipopotea. Na hii ya kumi na mbili, hata Mwalimu alikuna kichwa. Mama, hesabu hizi ni ngumu! Ngumu sana!"

Aliyasema hayo kwa furaha, kama mtoto anayeeleza karamu ya harusi. Alikula mahamri matatu papo hapo, akatoka kwenda kuruka kamba.

Bwana Jamaldin alimsindikiza kwa macho. Kisha akaikunja karatasi vizuri, akaitia mfukoni, karibu na moyo. Siku ya pili aliwaonyesha wenzake Shimanzi, na makosa tisa pia.

Bi Mwanatumu naye alichungulia mlangoni. Safari hii alitaka uzi.

"Nasikia mwanao yuko darasa la hesabu nzito," alisema. "Vipi, aweza?"

Zamani Bi Mahfudha angekohoa. Sasa alinyoosha mgongo.

"Mashallah, yuko salama," alijibu. "Amepata kumi na moja, na tisa amekosea. Sema mashallah, shoga yangu, kisha chukua uzi."

"Mashallah," alisema Bi Mwanatumu, na mtaa wa pili ukasikia.

Magharibi ilipokaribia, Sheikha alirudi na vumbi miguuni. Alimkuta mama yake ameinama mkekani. Kofia iliwekwa kando. Mbele ya Bi Mahfudha kulikuwa na mbaazi, zimepangwa safu safu.

"Njoo, mwanangu," alisema bila kuinua kichwa. "Witiri mwalimu wako amezisema. Mimi najiuliza juu ya zile nyingine, za shufwa. N'mechukua mbili. N'kaongeza nne. N'kaongeza sita. Mraba hautoki. Chatoka kitu kingine. Ni nini hiki?"

Sheikha alisimama pale pale. Swali hilo hata Mwalimu hakuwa ameliuliza. Lilikuwa la mama yake, aliyelifikiria mwenyewe. Alipiga magoti, akahesabu. Kwenda chini, tatu. Kwenda ubavuni, nne.

"Karibu liwe mraba, mama," alisema. "Lakini upande mmoja umezidi."

"Umezidi ngapi?"

Sheikha alimtazama mama yake. Mama alimtazama Sheikha. Kicheko kiliwashika wote wawili kabla ya jawabu kutoka.

"Moja," alisema Sheikha.

"Na tukiongeza nane?"

"Utazidi moja."

"Daima?"

"Daima."

"Haya," alisema Bi Mahfudha, akasogea ili mwanawe apate nafasi mkekani. "Sasa niambie kwa nini."